Vibandiko vya Mashine ya Umeme Nyumbani: Kipi Kinafaa Ngozi?

Askari aliyebeba shanta mgongoni kwa miaka ishirini hahitaji kuelezwa maumivu ya kiuno ni nini. Wala mkewe, aliyebeba ndoo kichwani na mtoto mgongoni kwa muda ule ule, hahitaji kuelezwa. Ndiyo maana, tangu mashine ndogo za kutuliza maumivu kwa umeme zianze kupatikana katika maduka ya dawa na kwa wachuuzi wa mijini, nyumba nyingi zimejipatia moja. Mashine yenyewe ni ndogo, aghalabu haizidi sana paketi ya sigara. Hutumia betri, nyaya mbili au nne hutoka ndani yake, na mwishoni mwa kila waya huwapo kibandiko cha kuwekwa juu ya ngozi. Kibandiko hicho ndicho wataalamu hukiita elektrodi.

Kwa mwezi mmoja au miwili mambo huwa mazuri. Mzee hujilaza mkekani, huweka vibandiko viwili huku na huku ya mahali panapouma, hufungua mashine polepole, na ule msisimko kama wa sisimizi wengi watembeao chini ya ngozi humpa nafuu. Kisha vibandiko huanza kubanduka. Kwanza pembe moja, halafu upande mzima. Hapo kila nyumba hubuni dawa yake. Mmoja huvifunga kwa bendeji, mwingine hupaka mafuta ya mgando ili vishike, wa tatu huvitupa na kuweka mahali pake karatasi ya bati iliyofungiwa sigara au kitambaa kilicholowa. Na hapo mashine iliyonunuliwa kuondoa maumivu huanza kuleta maumivu mapya: ngozi huchoma kama iliyoumwa na siafu, na asubuhi yake hubaki doa jekundu, pengine lengelenge.

Wengi hulaumu mashine. Lakini mara nyingi mashine haina kosa lolote. Kosa liko pale ambapo umeme huvuka kutoka kwenye waya kuingia mwilini, mahali ambapo mnunuzi hapatazami hata kidogo anapochagua chombo chake dukani.

TANGU SAMAKI HADI NDOO YA CHUMVI

Kutuliza maumivu kwa umeme si jambo la jana. Scribonius Largus, tabibu wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba mtu mwenye maumivu makali ya kichwa awekewe samaki hai, yule taa mwenye umeme wa baharini, mahali panapouma. Mwenye jongo naye asimame juu ya samaki huyo ufukoni, penye maji, hata mguu ufe ganzi. Wavuvi wa Mto Nile nao walimjua tangu kale kambare mwenye umeme, ambaye picha yake imechorwa katika makaburi ya Misri ya kale. Msomaji atazame jambo moja hapo. Samaki yule alikuwa mashine na kibandiko kwa wakati mmoja. Ngozi yake, yenye maji na chumvi, iligusa ngozi ya mgonjwa pande zote bila kuacha mwanya.

Waganga waliokuja baadaye, ambao hawakuwa na samaki bali mashine, walilazimika kujifunza upya siri hiyo. Huko Ufaransa katika karne ya 19 walikuwapo matabibu waliodunga sindano mwilini ili kuupitisha umeme. Guillaume Duchenne alionyesha kwamba haikuwa lazima kumtoboa mgonjwa: ukibonyeza juu ya ngozi vishikizo vilivyoloweshwa maji, waweza kuuamsha msuli mmoja na kuuacha jirani yake umelala. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1855. Na Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyevumbua mwanzoni mwa karne ya 20 chombo cha kuandika mapigo ya moyo, aliwakalisha wagonjwa wake mikono na mguu ikiwa ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Yeye alikuwa akipokea umeme kutoka mwilini, wala si kuuingiza, lakini mlango ni ule ule.

Mashine za leo zilipata msingi wake mwaka 1965, wakati Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walipotangaza fikira yao kwamba katika uti wa mgongo mna kitu kama lango. Habari za kuguswa na kusuguliwa zikipita kwa wingi katika mishipa ya fahamu, lango hujifunga na habari za maumivu hupungua kupita. Mama asuguaye goti la mtoto aliyeanguka hufanya kazi hiyo hiyo bila kujua. Miaka miwili baadaye Wall na mwenzake William Sweet walieleza jinsi walivyotuliza maumivu ya wagonjwa kwa umeme mdogo. Tangu hapo viwanda vikaanza kutengeneza mashine za kuchukuliwa mfukoni, na swali la zamani la Duchenne likarudi: ni kitu gani kikae kati ya waya na ngozi?

UKUTA MWEMBAMBA

Ngozi ya mtu ni ukuta. Sehemu yake ya juu kabisa ni utando wa seli zilizokwisha kufa, mkavu, wenye unene wa sehemu moja au mbili tu za mia ya milimita katika sehemu nyingi za mwili, na mnene zaidi kwenye viganja na nyayo. Utando huo, ingawa ni mwembamba kuliko karatasi, ndio unaouzuia umeme kuliko nyama, damu na mifupa yote iliyo chini yake. Ukilowa, kizuizi chake hushuka sana. Ukikauka au ukipakwa mafuta, hupanda.

Tena ukuta huo haulingani kila mahali. Una vinyweleo, una matundu ya jasho, una michubuko ya wembe. Umeme, kama maji ya mvua juu ya paa bovu, hutafuta tundu. Kipande cha chuma kitupu kikiwekwa juu ya ngozi kavu hugusa hapa na pale tu, na mkondo wote hujikusanya katika nukta hizo chache. Ndipo mtu husikia kuchomwa kama kwa sindano, ilhali mkondo wenyewe ni mdogo. Kazi ya kibandiko chema, basi, ni mbili: kuulowesha ukuta, na kuugawa mkondo sawasawa juu ya eneo lote. Kila aina itajwayo hapa chini yafaa kupimwa kwa mambo hayo mawili kabla ya kuulizwa bei.

CHUMA NA SIFONGO

Aina ya kale kuliko zote ni bamba la chuma lililofunikwa kwa sifongo au kitambaa kizito kilicholowa. Hospitali nyingi bado zinayo. Maji huingia katika kila kijibonde cha ngozi, kwa hiyo mguso wake ni mzuri sana, pengine kuliko wa vibandiko vya kisasa. Huoshwa, hukaushwa, hutumika tena mamia ya mara. Ubaya wake ni kwamba ni mzito, hauna budi kufungwa kwa mkanda, nao hukauka. Katika nyumba yenye joto la mchana, sifongo lililolowa vizuri mwanzoni mwa nusu saa laweza kuwa limekwisha kukauka kingo kabla nusu saa haijaisha.

Maji yenyewe yana neno. Maji ya bomba au ya kisima hupitisha umeme kwa sababu yana chumvichumvi ndani yake. Maji ya mvua, na yale yaliyochemshwa kuwa mvuke na kukusanywa, hupitisha kwa shida. Mwenye maji ya mvua tu na atie chumvi chembe chache, si kijiko kizima, kisha bamba lioshwe baada ya kazi ili lisiliwe na kutu.

Bamba lenyewe na liwe la chuma cha pua, nalo lisiguse ngozi kamwe. Shaba huota ukungu wa kijani. Bati jembamba la sigara au la kupikia hukunjamana, na kila kunjo ni ncha inayokusanya mkondo. Watu wenye ngozi isiyopatana na nikeli, wale wanaotokwa na upele chini ya kifungo cha suruali au kamba ya saa, huweza kupata upele huo huo hapa.

MPIRA MWEUSI

Mpira wa kaboni ni mpira wa silikoni uliochanganywa na unga wa kaboni mpaka ukapata kupitisha umeme. Ni mweusi, laini, hukunjika kufuata umbo la goti au bega, na una tundu dogo la kuchomekea waya. Haunati. Hauna budi kupakwa jeli ya umeme, nyembamba na sawasawa, kisha kufungwa kwa plasta au mkanda wa kunyumbuka. Waweza pia kutiwa ndani ya mfuko wa sifongo.

Kwa familia iliyo mbali na duka kubwa, aina hii ndiyo rafiki wa kweli. Huoshwa kwa maji na sabuni kidogo, hupanguswa, huwekwa. Haukauki kwa sababu hauna cha kukauka, nao hudumu kwa miezi mingi. Gharama huhamia kwenye jeli, lakini chupa moja hutumika siku nyingi. Akina mama huulalamikia kwa jambo moja tu, nalo ni la haki: ni kazi ya uchafu. Jeli hutiririka, huingia katika shuka, na baada ya kazi ngozi na mpira vyote vyataka kuoshwa.

Mpira una ugonjwa wake wa uzee, ambao ni wa siri. Hauonyeshi nje. Mafuta ya ngozi, jasho na kukunjwa mara kwa mara hupunguza uwezo wa kaboni kupitisha umeme, na hupunguza bila usawa: upande mmoja hufa, mwingine hubaki hai, na mkondo wote hupita kwenye ule ulio hai. Fundi yeyote wa redio, na kikosini hawakosekani, aweza kuupima kwa mita yake. Aweke ncha moja penye tundu la waya, na nyingine aitembeze juu ya mpira mahali pengi. Vipimo vikikaribiana, mpira ni mzima. Pakiwa na mahali panapotofautiana sana na pengine, wakati wa kuutupa umefika, hata kama wang'aa kama mpya.

KIBANDIKO KINACHONATA

Hiki ndicho kinachokuja na mashine nyingi za leo. Ukikitazama kwa ubavu utaona tabaka tatu. Juu ni kitambaa au povu la kukikinga. Katikati ni tabaka la kusambaza umeme: laweza kuwa utando wa kaboni, au wino wa fedha, au wavu wa nyuzi za chuma cha pua. Chini, penye kunata, ni haidrojeli, yaani utomvu mgumu uliotengenezwa kwa maji, gliserini, chumvichumvi na kemikali zinazouunganisha.

Tabaka la katikati ndilo linalotofautisha kibandiko ghali na rahisi, nalo ndilo mnunuzi asiloliona. Kaboni ni rahisi, na kwa mashine ya kutuliza maumivu katika kibandiko kidogo yatosha kabisa. Lakini kaboni yenyewe huuzuia umeme kidogo, kwa hiyo katika kibandiko kikubwa sehemu iliyo karibu na waya yaweza kupata mkondo zaidi kuliko pembe za mbali. Fedha na wavu wa chuma husambaza vizuri zaidi. Mtu anayetumia mashine ya kuamsha misuli, mathalani baada ya kupasuliwa goti, ambayo hutaka mkondo mkubwa na vibandiko vipana, hapotezi fedha zake akinunua vya aina hiyo. Mwenye kutuliza kiuno tu aweza kubaki na kaboni.

Sifa ya kibandiko hiki ni wepesi: huwekwa na kuondolewa kwa dakika moja, bila jeli ya kumwagika, na mtu huweza kuvaa shati juu yake. Kasoro yake ni umri. Watengenezaji wengi hukikadiria kwa matumizi 20 hadi 30. Chini ya hali ya hewa ya ukanda wenye jua, vumbi na ngozi iliyopakwa mafuta baada ya kuoga, kibandiko kinaweza kufa kabla ya hapo. Haidrojeli hufa kwa njia mbili. Ama hukauka, ikawa kama gome, ama huvikwa blanketi la seli za ngozi, vumbi na mafuta, isinate tena.

Jambo la kukauka lataka kuangaliwa kwa makini, maana ndilo linalochoma watu. Kibandiko kikauke pembe tatu, kibaki kinashika katikati tu. Mtu hudhani umeme umepungua kwa kuwa mguso umepungua. La. Mashine nyingi zimetengenezwa ili ziutoe mkondo ule ule ulioamriwa, hata kama njia imekuwa nyembamba. Ni kama watu wa gwaride walioamriwa kupita lango kwa dakika moja. Ukifunga nusu ya lango, idadi yao haipungui, bali husongamana.

HESABU YA MSONGAMANO

Kanuni ya kimataifa ya mashine za aina hii, ijulikanayo kwa namba IEC 60601-2-10, hutaka mtumiaji aonywe kuwa mwangalifu mkondo unapozidi miliampia 2 kwa kila sentimita ya mraba ya kibandiko. Mkondo unaohesabiwa hapo ni ule wa kazi halisi, si kilele cha mpigo. Tofauti ni kubwa. Mashine ikifunguliwa mpaka kilele cha miliampia 80, ikitoa mipigo 100 kwa sekunde na kila mpigo ukidumu mikrosekunde 200, mkondo wake wa kazi ni kama miliampia 11 tu, kwa sababu katika kila sekunde umeme hupita kwa sehemu mbili za mia, na muda mwingine wote hunyamaza.

Chukua sasa kibandiko cha kawaida, sentimita 5 kwa 5. Eneo lake ni sentimita za mraba 25. Miliampia 11 zikigawanywa humo, kila sentimita hupata chini ya nusu ya miliampia. Hapana hatari. Kibandiko hicho hicho kikauke, kibaki kinagusa kipande cha sentimita 2 kwa 2. Eneo limekuwa 4, na kila sentimita sasa hupata karibu miliampia 2.8. Mpaka umekwisha kuvukwa, na hakuna mtu aliyegusa kitufe cha mashine. Tena joto halipandi sawa na msongamano, hupanda kwa mraba wake. Msongamano ulioongezeka mara 6 na robo huleta joto la karibu mara 40 mahali pale.

Hesabu hiyo ndiyo inayokataza pia jambo moja ambalo hufanywa na watu wenye ndugu hospitalini: kuazima vile vibandiko vidogo vya kupimia moyo. Hivyo hutengenezwa kwa fedha na kloridi ya fedha, navyo ni vizuri mno kwa kazi yake ya kupokea umeme mdogo wa mwili bila kuuchafua. Lakini jeli yake ni duara dogo. Duara la upana wa sentimita 2 lina eneo la sentimita za mraba 3 na kidogo tu. Ubora wa fedha hauwezi kuponya udogo wa eneo.

GLOVU NA SOKSI ZA FEDHA

Siku hizi huuzwa glovu, soksi na mikanda ya goti iliyofumwa kwa nyuzi zilizopakwa fedha. Kwa mkono wenye baridi yabisi katika kila kiungo, mahali ambapo kibandiko cha bapa hakikai, vazi hili lina faida ya kweli. Huwa halina budi kuloweshwa kwa maji au jeli kabla ya kuvaliwa, kwa maana likivaliwa kavu huchomachoma. Adui zake ni dawa ya kung'arisha nguo, mashine ya kufulia na moto wa pasi. Fedha hupungua katika kila kufua, na huwa nyeusi kwa jasho na hewa yenye salfa. Bei yake ni kubwa, na kwa kiuno au bega haizidi kazi ya mpira mweusi wa bei ndogo. Mwenye glovu na aiweke kwa ajili ya vidole.

MKONDO WA UPANDE MMOJA

Yote yaliyosemwa juu yahusu mashine za mipigo, ambazo nyingi huupeleka umeme huku kisha huurudisha, ili mwishowe pasibaki kitu chini ya kibandiko. Zipo mashine nyingine zinazotoa mkondo wa upande mmoja usiokatika, kama wa betri ya gari. Mojawapo ni ile ya watu wanaotoka jasho jingi viganjani, ambao hutumbukiza mikono katika sinia mbili zenye maji ya bomba. Mkondo wa namna hiyo huvunja maji na chumvi: chini ya upande hasi hujengeka kitu kama maji makali ya magadi, na chini ya upande chanya hujengeka asidi. Ngozi huungua kwa kemikali bila joto kusikika. Bamba la chuma likigusa mwili moja kwa moja, kidonda huweza kuwa kirefu, polepole kupona. Katika mashine hizo lazima taulo au sifongo nene lililolowa lifunike bamba, pete na bangili zivuliwe, na kila mchubuko upakwe mafuta ya mgando ili usifikiwe na umeme. Hapa pekee ndipo mafuta hayo yanapokuwa na kazi njema. Chini ya kibandiko cha mashine ya mipigo ni adui.

Kwa sababu hiyo kibandiko cha haidrojeli cha mashine ya mipigo kisihamishiwe kwenye mashine ya mkondo wa upande mmoja, hata kama waya wake waingia sawasawa.

NGOZI ISIYOSIKIA

Mambo mengi ya usalama humtegemea mgonjwa mwenyewe kusema, "Yachoma, punguza." Je, asiyesikia? Mzee mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi, mtu aliyeugua ukoma, askari aliyejeruhiwa akakatika mshipa wa fahamu wa mguu: hawa huweza kuungua mpaka lengelenge huku wakizungumza na kucheka. Kila mmoja wao apimwe kwanza, kabla ya kuwekewa chochote, kwa pamba na kwa kitu chenye ncha butu, macho yake yakiwa yamefumbwa. Asipotofautisha, kibandiko kisikae hapo. Na wengi wao ndio hasa wanaopelekewa mashine hizi kama zawadi na watoto wao walio mjini.

Kadhalika asiyepaswa kutumia bila ruhusa ya daktari ni mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichowekwa mwilini, mwenye kifafa, na mama mjamzito, hasa tumboni na kiunoni. Kwa kila mtu, vibandiko visiwekwe mbele ya shingo, wala kichwani, wala machoni, wala kuuvuka moyo kutoka upande mmoja wa kifua hadi mwingine, wala juu ya kidonda au uvimbe wa saratani. Mtu asilale usingizi navyo, asiendeshe gari navyo, asioge navyo.

KABLA YA KUNUNUA

Ni haki ya mnunuzi kujua kwamba wataalamu hawajakubaliana juu ya nguvu za mashine hizi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la BMJ Open, uliokusanya majaribio 381, uliona kwamba maumivu hupungua wakati mashine inafanya kazi au mara baada yake, kuliko kwa mashine ya bandia. Walakini mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2016 ulishauri mashine hizi zisitolewe kwa ajili ya maumivu ya kiuno. Pengine sababu ya mvutano ni kwamba nafuu yake ni ya muda, na hutofautiana mno kati ya mtu na mtu. Hakuna kibandiko, hata cha fedha tupu, kitakachoponya pingili iliyoteleza. Maumivu ya kiuno yanayoambatana na ganzi ya mapajani kwa ndani au kushindwa kuzuia mkojo si ya mashine, ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Aliyekwisha kuamua kununua na atazame kwanza ncha ya waya. Nyingi ni pini ya milimita 2 inayoingia katika kijitundu; nyingine ni kifungo cha kubana kama cha blauzi. Mashine yenye ncha ya namna yake pekee humfunga mnunuzi kwa mwuzaji mmoja maisha yake yote, na vibandiko vikikosekana dukani, mashine huwa pambo la kabati. Yenye pini ya kawaida hupokea vibandiko vya viwanda vingi, na hupokea mpira mweusi pia. Busara kwa nyumba ya kijijini, au kwa askari anayehamishwa kila mara, ni kuwa na jozi moja ya vibandiko vya kunata kwa safari na jozi moja ya mpira mweusi pamoja na chupa ya jeli kwa matumizi ya kila siku. Jeli na iwe ile iliyotengenezewa umeme. Ya kupimia mimba kwa mawimbi ya sauti haikutengenezewa kazi hii, na dawa ya meno ambayo wengine huijaribu huchubua ngozi.

Ngozi ioshwe kwa sabuni, isuuzwe, ikaushwe, isipakwe mafuta mpaka kazi imalizike. Nywele zikiwa nyingi zikatwe kwa mkasi. Wembe huacha michubuko, na kila mchubuko ni tundu la paa lile bovu. Mashine ifungwe kabla ya kubandika na kabla ya kubandua. Kibandiko kishikwe kwa ukingo, kisivutwe kwa waya. Baada ya kazi kirudishwe juu ya karatasi yake ya plastiki, kitiwe mfukoni, mfuko ufungwe, na uwekwe mahali pa baridi, si dirishani wala juu ya kabati chini ya bati. Kikianza kukauka, tone moja la maji lililopakwa kwa kidole na kuachwa dakika chache huweza kukirudishia uhai kwa siku kadhaa. Kikilowa kupita kiasi, kikavimba na kuteleza, kiachwe wazi kwa muda.

Kila mtu na awe na vibandiko vyake. Mashine yaweza kuazimwa kutoka nyumba hadi nyumba, lakini kibandiko kinachonata huchukua choa na upele wa mwenye kukitumia kwanza na kumpelekea wa pili.

Na vibandiko vipya, vya aina yoyote, vijaribiwe kwanza. Kibandikwe kimoja ndani ya mkono, bila umeme, kwa muda wa nusu saa, kisha mahali pale patazamwe hapo hapo na kesho yake. Wekundu unaofifia baada ya saa moja ni wa kawaida. Wekundu unaobaki, unaowasha na kufuata umbo la kibandiko pembe kwa pembe, ni dalili kwamba ngozi haipatani na gundi au kemikali ya jeli ile, na pakiti irudishwe dukani ikiwa bado haijatumika yote. Wengi wa watu hao hukuta kwamba mpira mweusi na sifongo la maji ya bomba havina neno kwao.